Sufuria za Mtaa

Bagamoyo,
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kaka yangu mpenzi Shamsudin,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Pangani, wewe na wifi Shamsia, na kifua chako kiwe kimetulia na ubaridi huu wa asubuhi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imenyesha vizuri, ukuta wa uani kwa marehemu mama umemeguka upande mmoja, na paka wako mzee bado anaishi, sijui kwa kula nini.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Lakini kaka, wewe ukikasirika unakata simu, na wiki iliyopita ulinikatia mara mbili kabla sijafika katikati. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, ila nakujua, hutaichana kabla ya kuimaliza.

Aliyokuambia jirani yetu Salumu ni kweli. Nimekuwa nikizikodisha sufuria za mtaa. Lakini sitaki uyasikie vipande vipande kwa watu, kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa.

Sufuria zile ulizianzisha wewe. Ulirudi kutoka masomoni Urusi na masharubu mapya na maneno mengi, ukawakusanya watu barazani kwetu, ukawaambia haifai mwenye nacho azike kwa wali na asiye nacho azike kwa uji. Kila nyumba ikatoa ilichoweza. Mzee Rajabu, mkwezi, hakuwa na kitu mfukoni, akatoa nazi alizopata mwezi mzima. Zikanunuliwa sufuria nne kubwa, na tangu hapo mwenye harusi au msiba huja kuchukua bure, awe nani. Mama akazitunza, na alipofariki nikazitunza mimi.

Mwaka jana akaja bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyejenga ufukweni karibu na Kaole. Alikuwa anaoza binti yake, na wageni wake walitaka pilau ya kuni, iliyopikwa kwa sufuria kama zetu. Nikamwambia hazikodishwi. Akacheka kwa upole, akasema kila kitu hapa duniani kina bei yake isipokuwa kaburi, halafu akataja fedha ambazo sijawahi kuzishika. Wiki ile nilikuwa na shida yangu. Nikakubali, nikajiambia ni mara moja tu. Baadaye wakaja rafiki zake, na rafiki za rafiki zake. Mtaani hakuna aliyejua, maana stoo kwangu haingii mtu mpaka afiwe au aozeshe.

Mwezi uliopita Mzee Rajabu alianguka kutoka mnazini, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na maziko yakapangwa baada ya alasiri. Wakaja vijana kuchukua sufuria, nikawasimamisha mlangoni. Sufuria zilikuwa Mlingotini, zinapikiwa harusi ya watu nisiowajua hata majina. Nikasema nimewaazima watu wa msikiti wa Kaole. Uongo ulinitoka mdomoni ukiteleza kama mlenda.

Ikabidi kila nyumba ipike kwa kisufuria chake. Wali wa huku umeiva, wa kule una kiini. Ndugu wa marehemu waliotoka Miono walikaa na njaa mpaka magharibi. Mimi nilikuwa ndani na Adila, mjane wake, nampepea. Akanishika mkono, akaniambia, "Shufaa, usijione vibaya. Waliotangulia kuomba ndio wenye haki. Marehemu angefurahi kusikia nazi zake zimefika mpaka Kaole." Kaka, angenipiga kofi ningeona nafuu.

Siku ya hitma nikasimama mbele ya wanawake wote nikayasema. Bi Mize akaniuliza fedha nimezifanyia nini. Nikajibu nimezila. Akasema, "Basi umekula na sanda ya mwenzio." Kesho yake wakaja na mkokoteni wakazichukua, na sasa ziko kwake. Haji seremala anasema kumbe zina faida, bora mtaa uzikodishe waziwazi. Bi Mize anamjibu kwamba harusi hupangiwa tarehe, kifo hakipangiwi, na matajiri wana hoteli, sisi tuna hizi nne. Wanabishana mpaka leo. Mimi siulizwi.

Nawe umeniambia nimekuwa bepari, na kwamba Idi utakuja kusimama mbele ya mtaa uwaombe radhi na kunikana. Kaka, njoo. Lakini usisimame kabla hujajua jambo moja.

Unakumbuka mtoto wa jicho alivyokuzibia macho yote mawili. Hospitalini walikupa tarehe ya mbali, na ulipofika wakakuambia urudi tena. Daktari wa kulipia ukamkataa, ukasema utangoja zamu yako kama wananchi wengine. Wifi akanipigia akilia. Ulikuwa umejiunguza mkono kwa chai ukitafuta kikombe, ukamkataza asimwambie mtu. Ndipo nikakuletea fedha, nikakuambia ni za mwani wangu. Ukazipokea kwa kuwa ni jasho la mkulima, ukawahutubia hata wagonjwa wenzako pale kwa daktari. Kaka, mwaka ule mwani wangu wote ulioza majini. Macho unayosomea maneno haya yamelipiwa na sufuria za mtaa.

Na nisikudanganye tena. Fedha za macho zilipotimia, sikuacha kukodisha. Nilishazoea. Harusi ile ya Mlingotini haikuwa ya macho yako, ilikuwa ya friji. Kwa hiyo Bi Mize hakukosea. Friji nimeiuza, fedha nikampelekea Adila. Alizipokea, na tangu siku hiyo hajanipitia.

Habari ya macho sijamwambia mtu. Wewe ndiye uliyewafundisha kupanga foleni. Sikutaka wajue umerukishwa foleni nawe hujui. Ukiamua kuwaambia, waambie. Ukiamua kunikana, nikane. Nitakuwa nimekaa palepale na wanawake wenzangu, nakusikiliza. Siwezi kusema najuta yote. Nilipokuona umeshika gazeti mwenyewe, unagombana nalo kama zamani, sikujuta hata kidogo.

Msalimie sana wifi, na usimgombeze, hakujua fedha zilikotoka. Majirani wanakusalimu, hata Bi Mize, ingawa siku hizi salamu zake hazipitii kwangu. Chumba chako nimekifagia. Ukija Idi fikia nyumbani, hata kama umekuja kunikana.

Na ukilia, kaka, usiyasugue macho. Daktari alikataza.

Mdogo wako akupendaye,
Shufaa