Mbuzi Aliyerudi Langoni Mara Tatu

Mpendwa Mama Mbeke, naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana zimebaki wiki mbili shule zifungwe na moyo wangu unaruka kwa furaha na kwa woga kwa pamoja. Mimi ni mwalimu wa nasari katika akademi moja ndogo ya mabati hapa Kitengela, nafundisha wale wanaoingia darasa la kwanza Januari hii inayokuja, ya 2005, na tafadhali usichapishe jina langu, hata majina ya watoto nimeyabadilisha.

Kila siku ya kufunga mwaka tunapanga viti uwanjani, wazazi wanakuja, watoto wanasimama mmoja mmoja kusoma, na hapo ndipo mzazi anaamua kama atamwacha mtoto kwetu au atampeleka kwingine, kwa hivyo mkurugenzi anataka wasomaji wazuri tu, na wale ambao bado, tunawaomba wazazi wao kwa upole wasije nao. Mwaka huu ni mmoja, Naipanoi, anatoka huko Kisaju, herufi bado zinamsumbua, na Jumatatu nilimsimamisha baba yake, Mzee Lesiamon, pale langoni nikamwambia ati darasa ni dogo, afadhali mtoto apumzike siku hiyo. Mama Mbeke, hakugombana na mimi. Alisema tu, "Sawa, mwalimu. Wewe ndiye unajua. Ni vile alikuwa ameniambia nikae kiti cha mbele." Akashika fimbo yake ya kuchungia mifugo akaenda, nami nikaingia kufundisha.

Jumanne tulikuwa kwa mazoezi na Whitney, ambaye ndiye nyota yetu, alikuwa anasoma ukurasa wa tisa wa kitabu cha darasa, ule wa kuku aliyejificha, anasoma bila kukwama hata mara moja, na unajua upepo wa huku, ukaingia dirishani ukapindua karatasi mpaka ukurasa wa kumi na nne, kwenye picha ya baiskeli, na mtoto akaendelea na habari za kuku bila kukosa neno. Nilishtuka. Nikamwuliza kuku alijificha wapi, akaniangalia kwa heshima zote akasema, "Sijui, ticha. Mimi sikuwa nasikiza, nilikuwa nasoma." Nikauliza darasa zima. Wanajua ukurasa mzima kwa kichwa na hakuna anayejua kuku yuko wapi, na aliyewafundisha hivyo ni mimi.

Jumatano nikaja na kitabu changu kikuukuu nilichokipata ndani ya furushi la mitumba sokoni, hadithi ya nyanya mmoja na mbuzi wake ambaye kila jioni huwa wa kwanza kufika nyumbani. Sikuwapa wasome. Niliwaketisha mkekani nikawasomea mimi, polepole, nikiiga sauti ya nyanya na ya mbuzi, nasimama, nauliza, naendelea: kwamba asubuhi mbuzi alitoka nyuma ya wenzake, anatembea polepole, analala chini kila akipata kivuli, na jioni akaja langoni peke yake, akalia, akageuka akarudi porini, akafanya hivyo mara tatu, na majirani wakasema ana wazimu. Hapo nikafunga kitabu nikawauliza ni kwa nini. Na sababu ya kukifunga, naungama kwako, ni kwamba kurasa za mwisho zilichanika zamani na hata mimi mwisho siujui.

Darasa lilichemka. Roy alisema mbuzi amesahau kitu, mwingine akasema ameona fisi, Whitney akatafuta jibu usoni mwangu, akalikosa, akalia. Halafu Naipanoi, ambaye tangu Januari namsikia tu akiitikia jina, akasimama bila kuitwa. "Amezaa huko. Mtoto hawezi tembea bado. Anakuja kuita nyanya." Nikamwuliza amejuaje. "Si ni wewe ulisoma? Asubuhi alikuwa analala lala."

Mama, mimi nimezaliwa Makueni katikati ya mbuzi, kitabu hicho nimekisoma mara nne, na sikuwa nimeona. Nilipiga makofi mpaka mkurugenzi akatoka ofisini, akakuta watoto wako juu ya madawati wanalia kama mbuzi, akasema hadithi ni za baada ya saa kumi na nirudi kwa ukurasa wa tisa. Lakini Alhamisi watoto walifika kabla ya kengele, na mama yake Roy, anayefanya kazi ya zamu kiwandani, alinishika mkono langoni akaniuliza kama huyo mbuzi alirudi, maana Roy amekataa kula mpaka aambiwe. Sijawahi kuipenda kazi hii hivi. Mkataba wangu unaisha Desemba. Je, nimtii mkurugenzi watoto waimbe ukurasa wa tisa, ama nisome hadithi mbele ya wazazi nifutwe? Na Mzee Lesiamon nitamwangalia na macho gani?

Mwalimu wa Kitabu Kilichochanika, Kitengela

MAMA MBEKE ANAJIBU

Mwalimu, barua yako nimeiweka juu ya zote, na wenye waume wakorofi watanisamehe wiki hii. Niliwasomea wenzangu hapa ofisini kwa sauti, nikasimama pale uliposimama, na mhariri wa michezo, mtu mzima mwenye mvi, akaapa kwamba mbuzi ameona fisi. Nilipomsomea jibu la Naipanoi, akaniomba nirudie ile sehemu ya asubuhi. Kwa hivyo furaha yako naielewa, hata mimi imenishika.

Sasa kaa nikugombeze. Umeuliza habari za mkurugenzi kwanza, halafu mkataba, na Lesiamon ukamkumbuka ukilamba bahasha. Umepanga kinyume. Mtoto amemwandalia baba yake kiti, wewe ukamwambia darasa ni dogo, na ni wewe umeandika kwamba viti hupangwa uwanjani. Unaona? Hata mimi husikiza ninaposoma. Huo ulikuwa uongo, tena kwa mtu aliyekuheshimu. Na mzaliwa wa Makueni kupitwa na mbuzi aliyezaa, hilo ukienda nyumbani Krismasi usiwaambie.

Jumamosi hii nenda Kisaju wewe mwenyewe. Usitume barua wala mtoto wa jirani. Mwambie Lesiamon, "Nilikosea, nakuomba uje, kiti cha mbele ni chako." Ukimaliza kusema hivyo funga mdomo, usianze kumweleza mambo ya mkurugenzi. Ukipewa chai kunywa. Kisha keti na Naipanoi akumalizie hadithi: nyanya alifanya nini, mtoto wa mbuzi alibebwa na nani. Andika maneno yake vile anavyoyasema, kwa herufi kubwa, na usithubutu kuyasahihisha. Chukua sindano na uzi, ushone karatasi hiyo ndani ya kitabu, pale palipochanika.

Jumatatu nenda kwa mkurugenzi pamoja na mama yake Roy. Mkurugenzi si adui yako, ni mtu anayeogopa viti vitupu Januari. Mwulize ni mzazi gani amewahi kumshika mwalimu mkono langoni kwa sababu ya ukurasa wa tisa. Mwombe robo saa baada ya nyimbo. Ukurasa wa tisa uacheni usomwe, haujaua mtu, lakini kabla ya siku hiyo hakikisha kila mtoto anajua huyo kuku alijificha wapi. Mkataba siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba huko kwenu shule mpya inaota kila mvua ikinyesha, na mwalimu ambaye wazazi wanamngojea langoni hatalala njaa.

Whitney naye usimwache pembeni. Alifanya ulichomfundisha, na alilia kwa sababu kwa mara ya kwanza aliulizwa kitu ambacho hakupewa jibu lake. Mpe sauti ya nyanya siku hiyo. Atasikiza, maana itabidi ajue zamu yake inafika lini.

Halafu soma. Mbuzi akigeuka langoni mara ya tatu, funga kitabu, geukia wazazi na uwaulize wao. Waache wakisie na wakose, wasikie vile watoto wao husikia. Ndipo umwite Naipanoi, umpe karatasi iliyoshonwa. Najua herufi zinamsumbua, lakini maneno hayo ni yake, anajua kila moja linaelekea wapi, na kidole chake kitayafuata. Akikwama, ngojea. Usimsaidie upesi.

Baba yake, pale kiti cha mbele, atakuwa amejua jibu tangu mbuzi alipolia mara ya kwanza. Mwache asikie mtoto wake akilisoma.

Mama Mbeke