Cherehani ya Mama kwa Fundi Kesho

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nawajulia hali kwanza, wewe, shemeji na watoto. Kile kikohozi cha mwanao mdogo kimepoa? Sisi huku hatujambo, ingawa siku hizi nikisema sisi maana yake ni mimi na kuku. Tangu tumzike mama nyumba imekuwa kubwa ghafla. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, kisha kimoja nakirudisha kabatini taratibu, kama vile kuna mtu ananitazama.

Uliniambia niiuze cherehani ya mama kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa imekufa na inajaza chumba. Nilijua hasira yako inatoka wapi. Mwaka jana ulimpigia simu ukitaka kumnunulia mpya, akakataa katakata, hata asante hakusema, na siku ya mazishi ulininong'oneza kwamba mama amekufa akilidharau jasho lako. Ila niliona niipeleke kwanza kwa fundi, walau nisikie ugonjwa wake. Ikishindikana, ningefanya ulivyosema.

Unamkumbuka fundi wa cherehani aliye nyuma ya soko, yule wanayemwita Fundi Kesho? Umpelekee chochote, jibu lake ni njoo kesho. Wanasema hata kuzaliwa alichelewa. Nilimwendea shingo upande, kwa sababu nimesikia mengi: kwamba huwa anachomoa vyuma vya zamani vilivyo imara na kupachika vya siku hizi, mashine inaingia jike la simba, inatoka paka. Basi nilikariri kila kovu la mashine yetu kabla ya kutoka nyumbani. Nikabeba kichwa chake tu, meza na kanyagio nikaviacha nyumbani, nikafika, nikavuta kigoda na kukaa. Aliponiambia nimwachie nije kesho, nikamjibu kwamba kesho itanikuta hapo hapo kwenye kigoda.

Nilimweleza kwamba ukikanyaga, gurudumu la ubavuni linazunguka vizuri, lakini sindano imenuna, haishuki wala haipandi. Akalifunua gubiko la mashine, akalishika gurudumu, akaacha. Hakuuliza habari ya mafuta wala ya mkanda. Aliuliza mama alikuwa ananiambia nini kuhusu mashine hiyo. Nikasema aliniambia ni mbovu, inasubiri kipuri. Akaguna, akaibeba nyuma ya pazia. Nikasikia kitu kikikazwa, mara moja tu, kisha akarudi nayo na kusema imepona, nichukue, na hadai kitu.

Dada, Fundi Kesho aseme leo? Tena bure? Nikaona hapa nimeshaibiwa, kilichobaki ni kujua nimeibiwa nini. Nikamwambia siondoki mpaka aifungue yote mbele ya macho yangu. Muuza vifungo wa mlango wa pili akaja kuchungulia, akaangua kicheko: “Ama kweli! Wenzako wanalia wakicheleweshewa, wewe unalia ukiwahishiwa?” Sikucheka. Fundi akafungua bamba moja baada ya jingine. Vumbi la nyuzi za mama lilikuwemo, na bobini yake ya mwisho ikiwa na uzi wa bluu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado sikuamini. Nikamtamkia neno ambalo hata kwenye karatasi naona aibu kuliweka. Nilimwita mwizi wa marehemu.

Aliweka bisibisi chini. Akamwomba muuza vifungo atupishe, na yule mwanamke, ambaye hanyamazi hata akila, akaondoka kimya. Ndipo fundi akanionyesha skrubu kubwa ya mviringo iliyo katikati ya lile gurudumu. Washonaji huilegeza wanapojaza uzi kwenye bobini, ili gurudumu lizunguke na sindano ipumzike. Wakimaliza wanaikaza. Ugonjwa wote ulikuwa huo: yetu ilikuwa imeachwa imelegea. Nikauliza mama alisahauje kitu kidogo namna hiyo, yeye aliyeshona tangu hatujazaliwa. Akasema hakusahau.

Alinieleza kwamba mwaka jana mteja mmoja wa mama alimtuma nyumbani kwetu aitazame mashine. Mimi nilikuwa kazini. Akaikuta skrubu imelegezwa, akaikaza, akadhani amefanya wema. Mama akamwomba ailegeze tena. Akamwonyesha kidole kilichotobolewa na sindano hadi kwenye ukucha. Macho yalikuwa yamekwisha, dada. Alikuwa anaona ukungu. Akamsihi asimwambie mtu, kwa kuwa wewe ungeacha kazi urudi, na mimi nisingetoka tena nyumbani. Kuanzia hapo kila mteja aliyeulizia nguo yake alielekezwa kwa fundi, na fundi akawajibu kipuri hakijafika, njooni kesho. Mwaka mzima alibeba matusi ya watu kwa ajili yake. Leo kwangu, alisema, hakujua aanzie wapi, akaona aikaze tu niende zangu.

Nilikaa pale na aibu yangu. Mambo ya nyumbani yakaanza kunirudia. Zile sindano za mkono alizonitaka nimtungie uzi kila asubuhi kabla sijaenda kazini, akinitania kwamba vijana tunakula bure. Ile tabia ya kuniuliza nguo hii ni nyeusi au bluu, kama mwalimu, nami nikijibu kwa mbwembwe kama kasuku wake. Nilikuwa macho yake na sikujua.

Nilimwomba fundi msamaha, akaniambia yamepita. Nilipokuwa nainuka nikamuuliza kama mama aliwahi kuitaja ile mashine yako mpya. Akasema ndiyo, alikwenda kwake siku ile ile uliyompigia simu, akalia pale dukani. Alimwambia mwanawe mkubwa anataka kumpa kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikitamani tangu usichana, naye inabidi akatae. “Hii kuukuu nasema ni mbovu, watu wanaamini,” alimwambia. “Mpya nitasemaje ni mbovu?”

Nimekuandikia maneno hayo kama nilivyoyapokea. Hakulidharau jasho lako, dada.

Cherehani sijaiuza. Nikiikanyaga inashona, mimi ndiye sijui kwenda sawa. Nasubiri neno lako.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na huyo mwenye kikohozi mfunike vizuri kifua.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku wa Mama