Jembe la Angani

Ikuti, 9 Machi 2003

Mdogo wangu mpendwa Suad,

Anyosisye ameikalia ndege sasa hivi. Niliweka mchoro chini nichonge penseli, kugeuka hivi, mtoto kakaa katikati ya bawa la kushoto, na ujue hakuwa amevaa kitu. Kwa hiyo ukiona doa karibu na injini, usiniulize ni mafuta ya aina gani.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nepi. Mama anaendeleaje na mgongo? Msalimie baba yako mdogo Kheri, mwambie namshukuru kwa kukuachia gemu la ndege kwenye kompyuta pale dukani kwake wateja wakipungua. Tangu mlipohama Tukuyu na kompyuta yenu tuliyokuwa tukiichezea pamoja, mimi ndege naijenga kwa penseli tu. Wewe ndiye mikono yangu.

Haya sikiliza. Nenda ile sehemu ya kutengeneza ndege yako mwenyewe. Nataka yenye mabawa yanayosogea. Ikipaa, yawe yamenyooka pembeni, marefu, maana hapo inaelea hata ikienda polepole. Ikifika juu yakunjwe kurudi nyuma, ikimbie. Ikitaka kutua, yakunjuliwe tena. Mwewe wa huku kwetu ndivyo anavyofanya. Anazunguka kakunjua, akimwona kifaranga anakunja, mpaka uje upige kelele kifaranga hayupo.

Ambwene ananicheka, anasema, "Mama Anyo, anza kwanza kurusha kuku." Mume acheke tu. Mimi niliishia la saba, na kila nilichokianza amekuja kukimalizia mtu mwingine. Hii nataka iruke, na iwe yangu.

Dada yako,
Tupokigwe


Morogoro, 2 Aprili 2003

Dada Tupo,

Shikamoo. Mama mgongo umepoa kidogo, anakusalimu na anauliza kama ndizi za huko bado zipo, maana za huku anasema ni za kutazama.

Dada, imeanguka. Ilipaa vizuri mpaka nikapiga ukelele, mteja mmoja akadhani nimepigwa shoti. Kule juu nikabonyeza mabawa yakunjwe. Pua ikainama. Nikavuta, ikakataa, ikaenda kujichomeka shambani. Nikarudia, yale yale. Baba mdogo akachungulia akasema, "Hiyo si ndege, hiyo jembe."

Vipimo vyako nimeviingiza vyote kama ulivyoandika. Kuna nafasi moja ya kusogeza shina la bawa mbele au nyuma wakati linakunjwa. Hukuiandikia kitu, nimeiacha sifuri.

Mbusu Anyo.

Mdogo wako,
Suad


Ikuti, 15 Juni 2003

Mdogo wangu Suad,

Marahaba. Sisi hatujambo, mtoto kikohozi kimeisha, nilimpeleka hospitali ya Igogwe akapewa dawa. Huko mnaendeleaje?

Barua zako zote nimepata. Niliongeza mkia, jembe. Nikapunguza injini, jembe. Nikarefusha pua, ukaniandikia kwamba sasa ni jembe lenye mpini mrefu. Suad, nimechoka. Mimi hata siioni ikianguka! Nakaa huku nachuma chai, nawaza pua, nawaza mkia, kikapu hakijai, mama mkwe ananitazama tu. Juzi nimeunguza maharage mara mbili siku moja. Ambwene akaninyang'anya karatasi, akaitazama weee, akaniambia, "Kwani lazima yasogee? Yafunge yasimame kama ya ndege za wenzako." Nikamwambia, za wenzangu zipo tayari, nyingine kama hizo ya nini?

Nakutumia mchoro mwingine. Usichoke nami.

Dada yako,
Tupokigwe


Morogoro, 6 Julai 2003

Dada yangu Tupo,

Shikamoo, na ukae kwenye kiti kabla hujasoma.

Imeruka! Wallahi imeruka. Ikapaa, ikakunja mabawa, ikakimbia kama imeiba, nikaizungusha mlima, nikaileta uwanjani. Ikatua taratibu kabisa, wala sikuhitaji hata kuyakunjua. Baba mdogo amepiga makofi. Sasa pumzika, dada. Umeshinda.

Mdogo wako,
Suad


Ikuti, 27 Julai 2003

Suad,

Salamu baadaye.

Nilipopata barua yako nilipiga vigelegele, majirani wakaja wakidhani nina ujauzito. Ambwene akamkamata jogoo, akachinja kwa mkono wake mwenyewe, akasema basi, ameshindwa, atakula matusi yake yote pamoja na jogoo. Tukala. Usiku nikaisoma tena.

Hukuhitaji kuyakunjua? Ndege iliyokunja mabawa haitui taratibu, mdogo wangu. Tangu barua ya kwanza nilikwambia, hiyo ndiyo sababu ya kuyakunjua. Ikitua hivyo, basi hayakukunjwa hata mara moja. Uliyafunga. Umerusha ndege ya nani?

Jogoo tumeshamla. Niambie nimwambie nini mume wangu.

Tupokigwe


Morogoro, 14 Agosti 2003

Dada Tupo,

Shikamoo. Najua huitaki shikamoo yangu, lakini ipokee.

Niliyafunga. Barua yako ya Juni niliisoma nikalia, maharage, kikapu, mama mkwe. Nikasema ngoja apate furaha hata ya uongo. Mama amenigombeza. Amesema, "Mwenzio alikuomba mikono, wewe umempa huruma."

Na nina habari mbaya. Baba mdogo analifuta gemu mwisho wa mwezi. Wanachuo wamekuwa wengi, wanataka kuchapa kazi zao, na kompyuta inakwenda kama mgonjwa. Nimemwomba mpaka nimepiga magoti. Kama una mchoro mwingine, ulete upesi, nitaurusha hivyo hivyo ulivyo.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako,
Suad


Ikuti, 23 Agosti 2003

Mdogo wangu Suad,

Marahaba. Bado ni mdogo wangu, usiwe mjinga. Mama mwambie asante, na ndizi zake zinakuja kwa utingo wa basi pamoja na barua hii.

Sasa hivi Anyo ametaka kunivunja kiuno. Nilikuwa nimembeba mgongoni na ndoo ya maji kichwani. Bata wa jirani akapita nyuma yetu, mtoto akajitupa nyuma kumwangalia, mzima mzima, mpaka mbeleko ikalia. Nikajikuta nimeinama mbele. Maji hayakumwagika. Nikasimama pale pale njiani kama nimeona nyoka.

Suad, mimi sikuwaza niiname. Uzito ulikwenda nyuma, mwili ukaja mbele wenyewe. Sasa mabawa ndiyo yanayoibeba ndege. Yakikunjwa, kubeba kote kunahamia nyuma, pua inabaki haina wa kuishika, ndiyo maana inachimba. Mkia hauna kosa, nimeuonea bure. Ile nafasi uliyoiacha sifuri! Bawa likirudi nyuma, shina lake lije mbele. Likikunjuliwa, shina lirudi mahali pake. Kipimo nimekiandika pembeni kwa wino mwekundu. Mengine yote rudisha kama mchoro wa kwanza, ule aliokalia mtoto.

Sijui kama ni kweli. Nimekosea mara nyingi mpaka naogopa kuandika neno hilo, lakini nahisi ndivyo.

Ikianguka, niandikie imeanguka. Nitalia kidogo, nitapika. Usinionee huruma tena.

Mama mkwe anaita, "Mama Anyo! Gari la chai hilo!" Majani yangu bado hayajafika kwenye banda la kupimia, na Amoni, dereva, ndiye wa kuishusha barua hii Tukuyu stendi. Akiondoka, mwezi umekwisha. Nakuja mama, nakuja! Suad, ikiruka, ikakunja, ikakunjua, ikatua, usimwite baba mdogo kwanza, usimwite mtu, ikae tu hapo kwenye kioo uitazame kwa niaba yangu, halafu uniandikie ilikuwa—