Mafundi waliogoma kupumzika

Shoga, upo? Nimeumbuka leo, sijui hata nianzie wapi.

Si ule utafiti wangu wa sosholojia, wa jinsi watu wanavyopumzika kazini? Mwalimu alisema nisiwaambie mafundi nachunguza nini, wasije wakaigiza. Basi nimeshinda kimya kwenye kona ya karakana ya ushonaji, nawatazama.

Hakuna aliyepumzika! Hata mmoja! Porojo hakuna, kunyoosha mgongo hakuna. Yule mjamzito niliyekwambia, miguu imemvimba, lakini hata maji hakuinuka kunywa.

Mchana kanifuata chooni, analia. "Mdogo wangu, usiniandike mvivu. Nikifukuzwa sasa hivi nitaenda wapi na tumbo hili?"

Kumbe walidhani nimetumwa na bosi! MIMI! Nikaapa, nikamwonyesha kitambulisho cha chuo. Akaniitikia tu, "Sawa, madam," akakimbilia cherehani yake. Madam!

Jioni bosi katoka ofisini, kaniambia mbele ya wote: "Mwanangu, leo wamechapa kazi sijapata kuona. Kesho uje tena."

Cherehani zote zikanyamaza. Yule mjamzito ananitazama.

Na mimi kwa kiwewe, shoga, unajua nilimjibu nini?

"Asante."