Shangazi, Vikombe Vimekauka Vikiwa Kijani

Shangazi yangu, shikamoo.

Imekubali! Nimeshindwa kukaa nayo moyoni. Maua yako yamekauka na bado ni ya kijani. Kijani kabisa, Shangazi, kama siku niliyoyakata!

Ulipotuacha ilibaki konzi moja tu ya zile mbegu ulizopewa na sista wa misheni. Nikasema nikiharibu hizi, basi, maua ya Shangazi yamekwisha. Nikazipanda mwezi wa tatu kwenye kingo za ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, pembeni ya maharage, roho juu. Zikaota! Mashina yakasimama, yamejaa vikombe vya kijani, ndiyo maua yenyewe, toka chini hadi juu. Majirani wakaanza tena: "Haya maua yako yatachanua lini?" Nilicheka, nikakukumbuka ulivyokuwa ukiwajibu: "Yameshachanua, ninyi ndio hamjaona!"

Tatizo letu lilikuwa jikoni. Kila mwaka tuliyatundika juu ya moto, palepale tunapohifadhi mbegu za mahindi, na kila mwaka yakatoka ya kahawia, yananuka moshi. Na wewe ulitaka kitu kimoja tu: maua ya kijani makaburini siku ya Marehemu Wote, wakati kiangazi kimeshaunguza kila kitu. Ukaondoka hujayaona. Iliniuma, Shangazi. Iliniuma sana.

Sasa sikia. Siku hizi kahawa hailali ndani kungoja ushirika. Wanunuzi binafsi wanaleta magari mpaka mlangoni, wanapima, wanapakia, wameondoka. Stoo ya Mzee wako ikabaki tupu, ina giza, kavu, haina moshi. Nikamwomba. Akaguna, si unamjua, halafu akapigilia misumari mwenyewe! Nikapukuta majani, nikafunga mashina mafungu mafungu, nikayaning'iniza vichwa chini.

Jana ilikuwa Marehemu Wote. Nimekupambia kaburi lote. Mlima mzima umekauka, wewe peke yako uko kijani! Mbuzi wa jirani akakata kamba, akaja mbio, akatafuna shina moja, akalitema. Watu wakacheka palepale makaburini. Mzee wako alicheka mpaka machozi, kisha akawa analia kweli, na mimi nikamfuata.

Pumzika, Shangazi yangu. Mbegu nimeshaweka, kibuyu kizima. Mwakani, nakuahidi, hakuna kaburi la mlima huu litakalokosa shina lake.

Mwanao,
Skola