Damu Iliyorudi Kutoka Cibitoke

Jabe, 9 Septemba 2003

Kwako Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi na shemeji Amira tuko wazima, ila usingizi ndio haba. Miguu yako inaendeleaje huko Kigoma?

Kazi nimepata, mtaa wa Kigobe, kwenye ghala jipya la taifa la damu. Si damu ya kuongezea wagonjwa. Kila mtu anatoa chupa ndogo, inagandishwa, kisha mashine inasoma ADN, yale maandishi ya ukoo yaliyo ndani yake, ili siku moja daktari ajue mapema nani atapata kisukari na dawa gani itamfaa. Mimi karani naangalia mtu asiingie mara mbili.

Damu yangu iko humo, na ya kaka Aboubacar pia. Mimi ndiye niliyemshawishi aitoe, muda mfupi kabla hajapotea kwenye mapigano ya Julai. Mama, nikipita karibu na friza lile najikuta natoa salamu.

Amira anauliza: akae eda, au aendelee kumngoja mumewe? Hatuna maiti, hatuna habari.

Mwanao, Rachidi

Kigoma, 30 Septemba

Mwanangu Rachidi,

Waaleikum salaam. Miguu inauma, lakini msikitini inanifikisha.

Umenitia baridi. Kitovu chako nilikifukia, jino lako la kwanza nililifukia. Damu ya mtoto wangu inakaaje kwenye barafu kama samaki? Iombe hiyo chupa ya kaka yako. Mvishe sanda, hata kipande kidogo, Sheikh amsomee, mumzike. Hapo Amira ataanza eda, na mimi nitalia vizuri.

Mama yako, Mwantum

Jabe, 21 Oktoba

Mama,

Asalaam aleikum. Dawa ya miguu imekufikia?

Nilimwomba daktari Namegabe ile chupa. Akacheka: "We Rachidi, unataka kuzika kijiko cha damu? Sanda utakata kwenye leso?" Kisha akanihurumia, akasema ataipima mara ya mwisho halafu anipe. Aliponiita tena hakuwa akicheka.

"Karani, umeniingizia mutu mara mbili."

Chupa ya pili ililetwa juzijuzi kutoka mtaa wa Cibitoke, hapa hapa mjini, kwa jina la Astère. Niliapa kwamba sijakosea.

"Ndugu yako ana pacha?"

"Apana, daktari."

"Basi ni mutu moja. Mashine haiulizi jina."

Dévote, muuguzi aliyemchoma sindano, anamkumbuka: mtu mpole, mkono baridi, hapepesi macho. Alimwambia, "Polepole, dada. Ile ya kwanza bado inanivuta."

Yu hai, Mama! Labda amejificha kwa jina hilo. Nimemwambia Amira asikae eda. Nafurahi, naandika haraka, utauona mwandiko. Ijumaa naenda Cibitoke kumtafuta.

Mwanao, Rachidi

Kigoma, 2 Novemba

Rachidi,

Salamu baadaye. Usiende.

Aboubacar akae miezi yote hii mji mmoja na mke wake, asibishe hodi? Yule ambaye hakuweza kulala bila kumtania mkewe? Kama ni yeye, alete miguu yake mwenyewe nyumbani. Kama siye, sitaki aijue sura yako.

Panda boti uje. Mlete na Amira.

Mama yako

Jabe, 18 Novemba

Mama mkwe,

Asalaam aleikum. Ni mimi, Amira. Barua yako nimeifungua mimi. Ilipofika, Rachidi alikuwa ameshakwenda. Alivaa shati la kazi asije akadhaniwa vibaya njiani, akaniambia, "Shemeji, Ramadhani hii utapika futari ya watu watatu." Hakurudi.

Jana Dévote alikuja, akakataa kukaa. Chupa nyingine imeletwa kutoka Cibitoke, jina geni. Daktari amerudia kuipima. Ni ya Rachidi.

Leo tangu adhuhuri wanaume wawili wamesimama mlangoni kwangu. Jua kali, majirani wanapita, wanawasalimia, wanaitikiwa. Nawaona kwenye ufa wa mbao. Nguo ni zao, sura ni zao. Mmoja ananiita kwa jina la utani ambalo mume wangu tu ndiye anayelijua. Mwingine anasema, "Shemeji, fungua. Kaka anasikia baridi."

Hawagongi. Wanangoja tu.

Barua hii nitaipitisha dirisha la nyuma kwa jirani Epiphanie, anasafiri kesho kuja huko Kigoma. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye komeo.

Mama, nimemlilia mtu huyu tangu Julai. Niwafungulie?

Mkweo, Amira