Mi Sikufika Ujerumani

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwezi wa pili 2015

Kwa binti yangu Neema, mwalimu wa darasa la tano, Bukavu.

Mama, jambo. Jambo sana. Hii barua ikikukuta mzima, ukae kwanza, uvue viatu, ndipo usome. Mi baba yako mudogo niko. Mwili iko, meno iko yote isipokuwa mawili, na macho bado yanaingiza uzi kwenye sindano bila miwani. Na we je? Kile kifua chako cha wakati wa mvua kilipona? Mume wako anapata kazi? Na mtoto, ameanza kutembea? Uniambie anafanana na nani. Mi najua tayari, lakini uniambie.

Mtu wa Dzaleka akifika huko Bukavu, umuulize kama anamjua Bwana Rekodi. Atacheka mbele ya kujibu. Njo mimi huyo. Niko na machini yangu ya kushona pale karibu na soko, na hakuna ekipi hapa kambini, ya Wakongomani, ya Warundi ao ya Wanyarwanda, inayoingia uwanjani bila namba za mgongoni kupita chini ya sindano yangu. Lakini watu hawafuati sindano, wanafuata kichwa. Mi niliishia darasa la sita, unajua, lakini uniulize Kombe la Dunia. La kwanza? Uruguay, 1930, na wenyewe Uruguay wakabaki nalo. Mtu mwenye magoli mengi katika Kombe moja? Mufaransa, kumi na tatu, kule Suède 1958, hakuna aliyemufikia hadi leo. Kombe la Afrika? Mtu wetu wa Zaïre, magoli tisa, Misri 1974, na hiyo nayo imesimama hadi leo. Hata mwalimu wa sekondari anatuma wanafunzi waje kuniuliza. Mi najibu mguu ukiwa kwenye pedali, machini haisimami.

Mwaka jana, Brésil ilipopigwa saba kwao nyumbani, asubuhi yake jirani yangu Nestor, kinyozi wa Kirundi, alikuja mbio na wembe mkononi. Nyuma yake akafuata mteja mwenye nusu ndevu.

"Bwana Rekodi! Saba! Hii njo rekodi ya dunia!"

"Rekodi gani? Saba toa moja ni sita. Rekodi ni tofauti ya tisa, na waliofungwa hivyo ni batatu. Corée ya Kusini, tisa bila, 1954. El Salvador, kumi kwa moja, 1982. Na katikati yao..."

"Katikati yao nani? Sema, usiogope."

"Sisi. Zaïre. Tisa bila, mbele ya Yougoslavie, Ujerumani 1974."

"Tisa!" Mwenye nusu ndevu akashika kichwa. "Na munatembea katikati ya batu bila kuficha uso!"

"Tulikuwa wa kwanza wa Afrika ya watu weusi kufika kule! Burundi yako ilifika wapi?"

"Burundi yangu?" Nestor akasema pole pole, kama mtu anayehesabu. "Katika Kombe la Dunia Burundi haijafungwa hata goli moja. Tangu dunia iumbwe."

Watu walicheka mpaka mama wa ndizi akaacha ndizi zake. Nilishindwa, Neema. Mi nikishindwa, unajua kadi ninayotoa. Nikasema, "Mucheke tu. Mi nilikuwa pale."

Hiyo hadithi uliisikia tangu ukiwa mdogo. Kwamba mi, mtoto wa miaka tisa, nilichaguliwa katika batoto wa Zaïre yote kubeba maji ya wachezaji. Kwamba goli la tatu lilipoingia na golikipa wetu akatolewa, alipita mbele yangu akanipa gant zake za mikono, akaniambia, "Mdogo, uzishike, zina moto." Kwamba goli la sita lilipoingia kocha alinitazama mimi, akatazama benchi, akanitazama mimi tena. Hapo watu wa soko wanasahau kilichowaleta.

Sasa nikuambie ilivyokuwa, maana hakuna aliyebaki wa kukuambia. Mi sikufika Ujerumani. Mi sikufika hata Kinshasa. Jioni ile tulikuwa kwetu, mi na baba yako, na radio ya babu yako juu ya meza. Baba yako alikuwa na miaka kumi na tano. Alisimama dirishani ameshika waya wa antena kwa mkono, kwa sababu akiuacha, sauti ilikwenda. Ilipofika mapumziko, sita bila, babu yako akasema, "Zima hiyo kitu, Ephrem." Baba yako akasema, "Papa, tungoje goli ya kwetu." Alishika ule waya mpaka mwisho. Ya kwetu haikuja. Katika Kombe lile lote haikuja hata moja: kumi na nne walituingizia, sisi zero. Na baba yako aliposhusha mkono aliniambia, "Lakini tulifika, Anselme. Tulifika." Halafu akalia.

Neema, nakupeleka pole pole kwenye neno lenyewe kwa sababu naogopa kufika.

Kesi yetu ya kwenda ng'ambo, mi na mama Riziki na batoto batatu, ilikuwa imengoja miaka tisa. Mwisho wa mwaka tukaitwa Lilongwe, kwenye ofisi ya wakimbizi, kwa maswali. Tulivaa vizuri, suti nilijishonea mwenyewe. Kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, zilitupeleka hadi barabara ya lami, tena tukapanda gari hadi mjini, tukapita chini ya Capital Hill, nikawaonyesha batoto zile ofisi za serikali na kuwaambia kila mlango una waziri wake.

Wakaniingiza mimi peke yangu kwanza. Ndani kulikuwa mkalimani, mtu wa kambini anayenijua, na mama mmoja mzungu, kijana, mwenye adabu sana. Mkalimani akanong'ona, "Huyu ni Mujerumani." Mwaka ule njo Ujerumani walikuwa wamechukua Kombe! Nikaona huyu nimfurahishe, aone si mtu wa bure aliyeketi mbele yake.

Akauliza, "Kabla ya kukimbia, umewahi kutoka nje ya Congo?"

Neno lilikuwa moja, Neema. Hapana. Herufi sita.

Nikasema, "Mwambie naifahamu kwao. Nilifika Gelsenkirchen, 1974."

Mkalimani alinitazama. "Bwana Rekodi, hii si soko. Niitafsiri?"

"Tafsiri."

Yule mama alitabasamu kweli kweli, akaweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena. Nani alikupeleka? Kwa pasiporti gani? Baba yako alikuwa nani katika serikali ya wakati ule? Na kila swali nililipa jibu, unanijua. Nikampa babu yako cheo. Nikampa ndege. Nikampa hoteli yenye maji ya moto. Alikuwa anaandika, na mi nilikuwa naona anaandika kwa sababu anafurahi.

Halafu akageuza ukurasa, akasema, "Sasa unieleze kaka yako aliuawa namna gani."

Hapo nikawa nimechoka kusema uongo. Sijui nieleze vipi. Saa nzima nilikuwa nimejaza chumba chote na ndege na hoteli, na Ephrem alipoingia hapakuwa na nafasi ya uongo mwingine. Nikamwambia kweli. Mara ya kwanza kwa mtu yeyote.

Watu wote wanajua nilichowaambia tulipofika Dzaleka, na njo kilichoandikwa kwenye karatasi zetu za kwanza: kwamba nilipigana na wale watu watatu waliomuua Ephrem, nikanyang'anya mmoja panga, nikakuweka wewe mgongoni na kukimbia nawe hadi barabarani. Nimeisimulia mbele yako mara ngapi kabla hujarudi Bukavu kwa shangazi yako? Na kila mara ulikuwa unanitazama tu, mikono katikati ya magoti. Ulikuwa na miaka kumi, na ulikuwa umeona kila kitu kutoka mlango wa jikoni. Hukuwahi kunikatiza. Hata mara moja hukuniaibisha mbele ya watu.

Nilimwambia yule mama kwamba ilikuwa mchana, mvua inaanza. Kwamba Ephrem alikuwa juu ya ngazi anapigilia bati, akawa wa kwanza kuwaona. Kwamba alisema, "Anselme, mchukue mtoto." Na kwamba sikukuchukua. Nilikimbia peke yangu kwenye migomba na nikalala chini, na nikasikia. Yeye alishuka kwenye ngazi akawaendea, ili wasifike jikoni. Watu wa kanisa njo walikutoa humo kesho yake wakakuleta kwangu, si mimi.

Nililia pale kwenye kiti, na suti yangu. Yule mama alinipa maji. Hakuandika upesi kama mwanzo.

Jibu lilikuja wiki mbili zilizopita. Riziki njo alinisomea, maana ni Kingereza. Inasema: zamani alisema hajatoka Congo, sasa anasema alifika Ulaya na ujumbe wa serikali. Zamani alisema alipigana, sasa anasema alikimbia. Kwa hiyo hawawezi kuamini kwamba kaka yake aliuawa mbele yake. Binti yangu, nisamehe kwa sentensi hiyo. Imeandikwa na kupigwa muhuri kwamba kifo cha baba yako hakiaminiki, na aliyekifanya kisiaminike ni mimi. Sitaki umlaumu yule mama. Hata mi ningekuwa kwenye kiti chake ningefunga faili.

Riziki alikunja karatasi vizuri. Ana miaka kumi na tisa sasa, amezaliwa na subira ya mama yake.

"Papa, kwa hiyo Ujerumani ulikwenda ao hukwenda?"

"Sikwenda."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na gant za golikipa?"

Nikatikisa kichwa. Akasema, "Mi niliwaambia batoto wote wa masomo," akatoka nje. Mama yake haniambii neno isipokuwa "nsima iko mezani." Pale machini, Nestor hajaniuliza rekodi tena. Ananyoa watu kimya, na hiyo inaniuma kuliko angenicheka.

Wametupa nafasi ya kuomba waitazame kesi tena, kama kuna mtu aliyeona kwa macho yake na anaweza kuandika na kutia sahihi mbele ya ofisi ya wakimbizi ya huko Bukavu. Nimehesabu waliokuwa pale siku ile. Umebaki wewe tu.

Usiandike kwa ajili ya kunisafisha. Andika kwamba baba yako mudogo Anselme ni mtu wa kutunga, tangu utoto, na kwamba Ujerumani hajafika. Andika kwamba hakupigana na mtu, hakukubeba, alikuacha. Andika baba yako alishuka kwenye ngazi na alikwenda upande gani. Nataka iwe kwenye faili hata kama sisi hatutaenda popote, kwamba Ephrem aliwaendea. Na kama mkono wako ukikataa kuandika siku ile, uiache. Sitauliza mara ya pili, na sitamwambia mama Riziki kwamba nilikuomba. Naomba kitu ambacho hata baba mzazi hana haki ya kuomba, na mi sikufanya kazi ya baba siku ile.

Unisalimie shangazi yako aliyekulea, mwambie magoti yake nayaombea. Unisalimie mume wako, fundi wa betri, na mama mkwe wako mwenye kuuza samaki. Mzee wa kanisa aliyekutoa jikoni, kama bado yuko hai, umpe mkono kwa niaba yangu, na umwambie jina langu. Mtoto umbusu kwenye paji la uso.

Ni mimi baba yako mudogo, yule uliyemuona akikimbia,

Anselme